Kiduara Kitupu Kwenye Thelathini

Mmenisumbua sana nyie vijana wa idara ya hesabu. Tangu mniage kwa ile kanga na saa ya ukutani, kila mkikutana nami njiani ni "Madam andika, Madam andika." Haya, naandika. Vyeo sitavitaja, maana nilivyopata havijazi kiganja, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika juu ya mada moja tu, ile mnayoifundisha haraka haraka kidato cha pili kisha mnaikuta kidato cha nne imenenepa: hesabu za kubwa kuliko na ndogo kuliko. Kazini tuliziita inikwaliti, na hapa nitaziita hivyo hivyo.

Nilianzia shule moja ya Mabatini. Darasa lilipakana na fundi wa mageti, kwa hiyo nilifundisha kwa vipande, katikati ya nyundo na nyundo. Somo langu la kwanza kabisa niliandika ubaoni kwamba namba fulani ukiijumlisha na tatu inazidi saba. Nikauliza, hiyo namba ni ngapi? Mmoja akasema tano. Wa pili akamcheka, akasema ni sita. Kutoka nyuma mwingine akapayuka, "Mia!" Darasa likalipuka. Wakaniangalia niwaamue nani kapata. Nikasema wote wamepata. Mnajua walivyoguna? Ule mguno wa kusema tumeletewa mwalimu asiyejua jibu lake mwenyewe, tumekwisha.

Nyuma ya darasa alikuwa amekaa Mwalimu Masatu, mkuu wa idara yetu, Mjita wa kule mwambao wa Mara, mtu mrefu mwenye koti moja la kahawia alilolivaa hata jua likiwaka kama tanuru. Aliniacha nihangaike mpaka kengele. Tukiwa tunatoka akaniambia, "Umesema kweli, lakini hawajakuamini. Hawa tangu darasa la kwanza wamezoea jibu moja. Mlinganyo unakuambia mtu yuko wapi. Hii inakuambia anaweza kuwa wapi. Kesho wape waijaribu wenyewe."

Huo ndio ulikuwa ugonjwa wake, kujaribu. Mwanafunzi akimaliza swali, Masatu hakumwangalia hata usoni, alinyoosha kidole tu: "Jaribu namba." Chukua namba moja ndani ya jibu lako, irudishe kwenye swali, uone kama inakubali. Kisha chukua moja ya nje, uone kama inakataa. Walimu wengine walimwona anapoteza muda. Mimi nilimwiga mchana kweupe, na sikuacha mpaka siku mnaniaga. Kama kuna kitu kimoja mtakachobeba kutoka kwenye karatasi hizi, bebeni hicho, mengine hata mkisahau nitawasamehe.

Sasa habari ya mamba. Najua bado mnawafundisha watoto kwamba ile alama ni mdomo wa mamba na mamba hula kikubwa. Jamani, mimi nimezaliwa Ukerewe. Mamba ninayemjua hachagui, akimkuta mdogo anakula mdogo na anashukuru. Waambieni watoto alama inaonyesha nani yuko kulia kwenye mstari wa namba na nani yuko kushoto, basi, mamba mwacheni majini.

Huo mstari wa namba mimi niliuchora sakafuni kwa chaki, kutoka mlangoni hadi dirishani, sifuri katikati. Kidato cha pili huwa wanagoma kuelewa kwa nini ukizidisha au ukigawanya kwa namba hasi alama inageuka. Wanakariri, kisha wanasahau. Nilimsimamisha Shija kwenye mbili na Kabula kwenye tano, nikauliza nani mkubwa. Kabula, wakasema. Nikawaambia, haya, zidisheni kwa hasi moja, kila mtu avuke sifuri aende umbali ule ule upande wa pili. Wakavuka, Shija hasi mbili, Kabula hasi tano. Nani mkubwa sasa? Halafu Shija mwenyewe akaruka, "Mimi! Nimempita!" Kabula akanuna hadi jioni. Lakini darasa lile sikuwahi kulikumbusha tena kugeuza alama.

Kwenye mstari huo huo ndipo nilipofundishia viduara. Namba ya mpakani ikiwemo kwenye jibu, kiduara chake unakijaza. Isipokuwemo, unakiacha kitupu. "Zaidi ya tano" tano yenyewe haimo, kiduara kitupu. "Tano na kuendelea" tano imo, jaza. Wanafunzi waliona ni urembo tu, kama kutia nakshi kwenye kikapu, na kwa jambo hilo nilikuwa mkali kuliko mambo yote. Nilikata alama bila kupepesa jicho. Walinipa jina la utani, Madam Kitupu, na walidhani silijui.

Baadaye nilihamishiwa shule moja upande wa Kigongo. Siku hizo watu walivuka kwa kivuko, daraja lilikuwa bado, na foleni ya magari ilikuwa ndiyo soko. Nusu ya wanafunzi wangu walikuwa wameuza karanga au samaki wa kukaanga kwenye foleni ile. Nikaona, kumbe kitabu sina haja nacho. Kivuko kina nafasi ya magari yasiyozidi kadhaa, lori linakula nafasi ya magari madogo matatu, mabasi lazima yapite si chini ya mawili kila safari. Andika inikwaliti zake. Waliziandika wakibishana kama makondakta. Taabu ilianza swali likija kwa Kiingereza, maana kule "si chini ya" inasemwa "at least", na "least" inamkumbusha mtoto "kidogo", basi mtoto anageuza alama yote kinyume. Dawa yangu ilikuwa moja: kabla ya kuandika chochote, mwanafunzi aniambie swali kwa lugha ya nyumbani kwao, kama anamtuma mdogo wake dukani. Kisukuma, Kijita, chochote. Nikisikia anamtuma vizuri, namruhusu kushika kalamu.

Na hapo Kigongo ndipo nilipomfundisha Nyabise.

Nyabise alikuwa kidato cha nne, binti wa mvuvi wa kisiwa kimoja kule ng'ambo. Mtoto mwembamba, mwenye sauti nzito isiyolingana na mwili, na hesabu hakuzipenda hata kidogo. Aliniambia wazi, "Madam, mimi nataka uuguzi, hizi x nazivumilia tu." Nikampenda kwa ukweli wake. Alikaa hosteli ya shule. Hosteli yenyewe ilijengwa kwa nguvu za wazazi, vitanda vichache, wasichana wengi. Aliyekosa kitanda alirudi kwao, na kama kwao ni mbali alipanga chumba mtaani, tunachokiita geto. Mnajua wenyewe msichana wa miaka kumi na saba akipanga geto karibu na foleni ya malori nini kinamfuata. Wapo waliovuka salama. Wengi tulikuja kuwakuta wamebeba watoto mgongoni wakiuza mahindi.

Mkuu wetu wa shule alikuwa Mwalimu Bundala, mtu wa historia, msafi, asiyependelea. Mwaka huo alisimama mstarini asubuhi akatangaza kwamba miezi ya mwisho kabla ya mtihani wa taifa vitanda vitagawiwa kwa matokeo ya moko, ule mtihani wa majaribio, na kwa kuwa hesabu ndiyo iliyokuwa inatuua, kipimo kitakuwa hesabu. Akabandika tangazo kwa mwandiko wake: atakayebaki hosteli ni msichana aliyepata zaidi ya 30 katika hesabu.

Matokeo ya moko yakaja. Nyabise alikuwa na ishirini na nne.

Sikukubali. Mtoto yule hakuwa hodari, lakini nilijua anachojua. Nikaomba karatasi zake, nikazipitia swali kwa swali, na nilipofika kwenye lile swali refu la grafu damu ikanipanda. Hapa nyie wageni wa kazi mnahitaji kujua kitu. Kwenye grafu ya inikwaliti kila sharti linagawa karatasi pande mbili, na kuna walimu wa aina mbili. Wapo wanaotia kivuli upande wanaoutaka. Masatu alinifundisha kinyume, kutia kivuli upande usioutaka, kwa sababu masharti yakifika manne au matano, jibu linabaki peke yake jeupe, safi, huhitaji kulitafuta katikati ya mistari iliyopandana. Wanafunzi wangu wote walifanya hivyo. Moko ile ilikuwa ya pamoja ya shule kadhaa, ikasahihishwa kituo kimoja maeneo ya Nyegezi, na msahihishaji alikuwa na mwongozo wa kutia kivuli upande unaotakiwa. Akaona picha ya Nyabise imegeuka, akapiga mkasi, alama sita zikaenda.

Siku iliyofuata nikafunga safari kwenda Nyegezi. Mkuu wa paneli ya hesabu, yaani kundi la wasahihishaji, alikuwa Mwalimu Kulwa, ambaye zamani alifanya mazoezi ya kufundisha chini yangu, kijana mwenye msimamo kama nguzo.

"Shikamoo Madam."

"Marahaba. Hii karatasi imeonewa."

"Madam, paneli imeshafunga."

"Ifungue."

Akacheka, lakini hakufungua. Akaniuliza swali la haki kabisa: mtoto akitia kivuli bila kusema kama ni upande anaoutaka au asioutaka, msahihishaji atajuaje? Nikamwonyesha chini ya grafu. Nyabise alikuwa ameandika kwa herufi ndogo kama chungu kwamba sehemu isiyo na kivuli ndiyo inayotakiwa. Msahihishaji hakuiona. Kulwa akavaa miwani. Akachukua pointi moja ndani ya ile sehemu nyeupe, akaipitisha kwenye kila sharti, ikakubali. Akachukua ya nje, ikakataa. Nilitamani Masatu angekuwepo amwone. Kulwa akarudisha alama zote sita, akasaini, na akaagiza karatasi za wenzake zipitiwe tena, kila aliyeandika sentensi ile apewe haki yake.

Ishirini na nne na sita mnazijumlisha wenyewe.

Nilikuwa nimeshazijumlisha tangu nyumbani, siwadanganyi. Nikaigeuza ile karatasi, nikaanza kutafuta alama moja, moja tu. Ilikuwepo. Swali la mwanzoni kabisa, mstari wa namba, jibu zaidi ya mbili, na Nyabise alikuwa amekijaza kiduara. Alama moja imekatwa. Kulwa aliona kidole changu kimesimama wapi.

"Hiyo siwezi, Madam."

"Nimekuomba?"

Nikakunja karatasi nikarudi Kigongo.

Ofisini kwa mkuu nilimkuta Nyabise amesimama karibu na kabati, ameitwa. Mwalimu Bundala alisoma alama mpya na saini ya Kulwa, akashusha pumzi. Nilimwona kabisa kwamba anataka kumbakiza. Akaniambia, "Madam, mimi ni mtu wa historia. Tangazo ni langu na neno ni langu, lakini nikilitafsiri mwenyewe watasema nimependelea. Wewe ndiye hesabu hapa. Thelathini imo au haimo? Nitafuata utakavyosema, na mbele ya bodi nitasema mwalimu wa hesabu kasema."

Nyabise akaniangalia. Mtoto alikuwa ameshaanza kutabasamu, maana alinijua nilivyohangaika hadi Nyegezi kwa ajili yake.

Nisiwafiche, moyo uliniuma. Neno moja la herufi tatu lingemaliza kazi. Hakuna mzazi angeuliza, hakuna mkaguzi angekuja. Lakini miaka yote nilikuwa natembea na ile kalamu nyekundu, nikikata alama za watoto wa watu kwa kiduara kilichojazwa pasipo haki, na mmoja wao amesimama hapo mbele yangu na karatasi yake imo mkononi mwangu.

"Haimo," nikasema. "Zaidi ya thelathini inaanzia baada ya thelathini. Hiyo ndiyo hesabu, mkuu. Sasa naomba nikuombe kama mtu, uwaze tena."

Akatikisa kichwa, akasema vitanda vimeshakwisha, na akianza huruma na huyu kesho foleni itafika getini. Sikumlaumu. Nyabise alitoka bila kuaga. Nilimkuta nje ya hosteli anafunga godoro lake kwa kamba ya katani, anavuta kamba kama anamnyonga mtu.

"Ungesema tu imo, Madam."

"Ningesema uongo."

"Nani angejua?"

Nikamwambia, "Hosteli ina sharti lake. Nyumbani kwangu sharti ni kuosha vyombo. Chukua upande huo wa godoro." Alinitazama kwa hasira hasa. Kisha akashika upande mmoja, mimi mwingine, tukalivusha uwanja wa mpira kwenda nyumba za walimu huku kidato cha kwanza wakitukodolea macho.

Nikampigia baba yake simu. Upepo wa ziwani ulikuwa unapiga kelele kwenye simu yake. "Shikamoo mwalimu," akasema, akanisikiliza hadi mwisho, akakohoa. "Basi mwalimu, huyo ni mwanao. Akikaidi mchape, akifaulu niambie." Baada ya hapo kila mwenyeji wao akivuka aliniletea sato mkubwa aliyefungwa kwenye mfuko wa salfeti, nami sikuwahi kuukataa mfuko hata mmoja.

Msidhani tuliishi kama kwenye picha za kalenda. Wiki za mwanzo alinisalimia kwa sababu tu kutonisalimia kungekuwa utovu wa adabu. "Shikamoo." "Marahaba." Basi, kwaheri. Sahani alizigonga mpaka nikahofia zitapasuka. Lakini alfajiri alikuwa mezani, na mimi nilikuwa mezani. Tulianza upya kuanzia mstari wa namba. Alikosea, nikasema jaribu namba. Akajaribu, ikakataa, akafuta kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka, akaanza tena. Siku moja nikamwona anakamilisha swali la grafu, anachagua pointi yake mwenyewe ndani na nyingine nje kabla sijafungua kinywa. Nilijifanya naangalia dirishani. Furaha niliyoipata siku ile sikuipata siku ninyi mnanipa saa ya ukutani, msichukie.

Mwalimu Bundala naye, muungwana. Kabla moko ya mwaka uliofuata haijafika, aliniita akanipa rasimu ya tangazo jipya nilisome kwanza. Alikuwa ameandika "30 na kuendelea", na amelipigia mstari. Nikamwambia liko sawa, abandike.

Mwaka ule ule Nyabise alifanya mtihani wake, akarudi kisiwani, tukangoja. Matokeo yalipotoka alivuka na kivuko cha asubuhi kuja kuchukua tranka alilokuwa ameliacha kwangu. Alikuwa amepata C ya hesabu na uuguzi wake ulikuwa unamngoja. Akapiga kigelegele mlangoni mwenyewe, kwa sauti ile nzito, majirani wakatoka wakidhani kuna harusi. Nikamkaangia samaki, akala, akanishangaza kwa kuosha vyombo bila kuvigonga.

Akiwa anafuta mikono akaniuliza, bila hasira sasa, kama mtu anayemalizia swali aliloliruka.

"Madam, siku ile mkuu alikuuliza. Ungesema imo, angekuamini?"

"Angeniamini."

"Na mimi ningebaki na kitanda changu."

"Ungebaki nacho."

"Na hakuna ambaye angejua."

"Wewe," nikamwambia. "Ulikuwa umesimama pale, na nilikuwa nimekukata alama mara ngapi kwa kiduara hicho hicho?"

Akaning'iniza kitambaa kwenye msumari wake, akakinyoosha.

"Ningejua," akasema.

Akajitwika tranka lake kichwani, nikamsindikiza hadi kivukoni.